Kutoka Mbwamaji

Kutoka Mbwamaji hadi Bagamoyo kwa miguu ni siku nne, maji yakikubali. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifikia baada ya miezi kadhaa ya kukaa jioni na daftari, ramani niliyoichapisha stesheneri vipande vipande na kuviunganisha kwa gundi, jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la bandari ya Dar es Salaam, na kitabu cha Mwingereza mmoja kilichotoka mwaka 1879, miaka miwili baada ya mwenyewe kufariki. Sina kiongozi wa safari wala sitaki kumkodi. Nataka nipite kwa kusoma kabla na kuuliza njiani.

Naishi Manzese, karibu na Barabara ya Morogoro. Bahari haiko mbali, kama kilomita 8 tu, lakini Manzese si mtaa wa bahari. Sisi tunakwenda ufukweni Iddi na Krismasi, tumejazana kwenye daladala, watoto wamevaa nguo mpya, na jioni tunarudi na mchanga masikioni. Mtu wa Manzese akikwambia anatembea kwa miguu, ujue nauli imekwisha.

Nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, maana anayelala kijiji asichojulikana ni vizuri awe na karatasi yenye mhuri. Aliyekuwa mezani akaniuliza sababu ya safari. Nikamjibu, kutembea.

“Kumtembelea nani?”

Nikasema simtembelei mtu, natembea tu, kwa miguu, kandokando ya bahari, hadi Bagamoyo. Akaniangalia kidogo, akaandika “shughuli za kifamilia”, akagonga mhuri.

Mama alipopata habari alipiga simu kutoka nyumbani. “Mwanangu, kama ni nauli, si ungesema?”

Nilicheka, lakini swali lake limekaa nami kuliko yote niliyoyasoma. Kwenye pwani hii mtu mwenye hiari yake hakuwa na sababu ya kwenda mbali kwa miguu. Barabara ya pwani ilikuwa bahari yenyewe. Kutoka Kilwa hadi Unguja watu walipanda jahazi wakati wa kusi, upepo ukawasukuma kaskazini. Kaskazi ilipoanza, wakarudi. Misafara ya miguu ilikuwa ya bara, na hiyo tunaifahamu: Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, wapagazi na pembe za ndovu, kirangozi mbele na bendera. Safari hizo zina vibao, zina makumbusho, zina hata waandishi wake kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na humo yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, akisimulia safari yake ya Udoe na Uzigua.

Lakini kuna miaka michache ambapo maelfu ya watu walipita pwani hii kwa miguu, kutoka kusini kwenda kaskazini, siku baada ya siku, na jahazi zipo. Nilipoanza kupanga sikuwa na habari nao. Nilikuwa natafuta tu mtu aliyewahi kuitembea pwani na kuandika amevuka vipi mito.

*

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Hakutia saini kwa kupenda. Mapema mwaka ule Sir Bartle Frere alikuja Unguja na ujumbe wake akaondoka mikono mitupu. Kisha balozi John Kirk akapewa amri ya kumwambia Sultani kwamba akikataa, manowari zitakizingira kisiwa. Soko la Unguja likafungwa, na Krismasi ya mwaka huohuo pale Mkunazini likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo hadi leo watalii wanapelekwa kulitazama. Hivyo ndivyo tulivyosoma shuleni: soko likafungwa, kanisa likajengwa, mlango wa historia ukafungwa taratibu.

Tazama sasa mkataba ulivyosomwa na wenye mali pale Kilwa Kivinje. Uliozuiwa ni usafiri wa bahari. Utumwa wenyewe ulibaki halali. Zanzibar ulifutwa mwaka 1897, na Tanganyika ukasubiri hadi 1922. Watumwa waliokwisha kuletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa walikuwa wamejaa Kilwa, na wanunuzi walikuwa wakiwangoja. Tena walikuwa wanawataka kuliko kawaida. Aprili 1872 kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo bei ya karafuu ikapanda na mashamba ya Pemba yakahitaji mikono. Basi kama chombo hakiruhusiwi, si miguu ipo? Wakaswagwa kwa nchi kavu kutoka Kilwa, kupitia mito ya Rufiji, Kisiju, Mbwamaji na Dar es Salaam, kwenda juu hadi Pangani na Tanga. Kutoka huko Pemba iko karibu. Chombo kidogo kinavuka usiku mmoja, na manowari haikioni. Wengine walipelekwa mbele zaidi, kwenye mashamba ya upande wa Mombasa na Malindi.

Mkataba uliokusudiwa kuwaokoa watu na jahazi uliwatwisha mamia ya kilomita za miguu. Silisemi hili kuutetea usafiri wa jahazi. Waliokufa kwenye ngama za majahazi hayo hawana idadi. Nasema tu kwamba njia niliyokuwa nikiichora kwenye daftari kama matembezi ilifunguliwa kwa kalamu, tarehe inayojulikana.

*

Mwingereza wa kitabu changu ni Frederic Elton. Alikuwa msaidizi wa Kirk, na mwishoni mwa 1873 alitumwa kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa kwa miguu, kuwachunguza Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza na bado wanamiliki watumwa. Alikwenda kusini. Misafara ilikuwa inakuja kaskazini. Kwa hiyo walikutana uso kwa uso.

Ni mwandishi mzuri wa njia, hilo sitamnyima. Anakuambia maji ya kunywa yako wapi na matope yanaanzia wapi, mambo ambayo msafiri anayataka. Ndiyo maana nilimfungua. Kisha katikati ya maelezo ya miti na vijiji anakuja na msafara: vijana wa kiume na wanawake wamefungwa pamoja kwa vyuma vya shingoni, miguu imegandiwa na matope makavu na kinyesi chao wenyewe, imechanwa na miiba, ngozi imekunjamana juu ya mifupa. Nilisoma mahali hapo mara mbili kisha nikafunika kitabu, maana sentensi chache nyuma nilikuwa nimepigia mstari kitu kuhusu kivuko.

Elton alihesabu. Kati ya tarehe 21 Desemba 1873 na tarehe 20 Januari 1874 aliandika kwamba watumwa waliopita njia ile ni 4,096. Ni siku 31. Kwa wastani ni watu 132 kwa siku. Kwa mtu wa Manzese hesabu hiyo haina haja ya kufikirika sana: ni lile basi la mwendokasi refu, lenye mpira wa kujikunja katikati, limejaa watu wa asubuhi, moja kila siku kwa mwezi mzima. Na hesabu ya wanaopita haiwaingizi walioanguka kabla.

Tarehe zile zilinisumbua. Kwa nini ishirini na moja hadi ishirini? Si mwezi wa Kizungu. Jioni moja, kwa sababu nilikuwa nimezoea kugeuza tarehe ili nijue maji, nikazigeuza na hizo. Mwezi mpya wa Desemba 1873 uliangukia tarehe 19 kuamkia 20, na wa Januari tarehe 18. Kipindi cha Elton kinalala karibu sawasawa juu ya Mfunguo Pili wa mwaka 1290 Hijria, tangu mwandamo hadi mwandamo. Huenda ni sadfa. Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba hesabu ile haikutoka kwenye macho yake peke yake. Alipewa na watu wa vijiji vya njiani, waliokuwa wakihesabu siku zao kwa mwezi wa angani kama pwani yote ilivyohesabu. Mtu fulani wa Kisiju au Mbwamaji alikaa barazani akaona kundi baada ya kundi, akajua ni wangapi. Jina la Elton liko kwenye jalada la kitabu. Huyo mwingine, kama alikuwepo, ndiye ninayemfikiria zaidi.

Wenyewe waliotembea hawakuandika njia hii. Wapo vijana waliookolewa na kusomeshwa na misheni Kiungani, Unguja, walioandika maisha yao kwa Kiswahili, A. C. Madan akayatafsiri na kuyachapisha mwaka 1887. Kwa hiyo leo tunawasoma vijana wale kwa Kiingereza.

*

Nimerudi kwenye maji, maana bila maji hakuna mpango.

Jirani yangu mmoja ni mzee mzaliwa wa Kisiju, aliyevua samaki hadi macho yakamwambia basi. Nilimwendea na jedwali langu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nasikia unakwenda Bagamoyo kwa miguu kama mtume.”

“Nataka nijue nianze lini.”

“Mwezi tarehe ngapi? Na usinitajie kalenda ya ukutani.”

Akanieleza kwa kijiti, kwenye vumbi la kibarazani. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu tarehe kumi na nne, kumi na tano, hayo ni maji ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Hapa kwetu bamvua inakupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na haijapata kugeuka tangu azaliwe. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji sana, na saa zake ni kinyume, asubuhi yamejaa. Kila siku saa inasogea mbele, kasoro ya saa moja. Mwenye kwenda kwa miguu aanze na bamvua, atoke saa moja asubuhi na maji yanaondoka, atembee kwenye mchanga mgumu uliolowa, na ikifika saa saba awe amepata kivuli, kwa sababu maji yanarudi na jua liko kichwani.

Nililinganisha na jedwali la bandari. Mzee hakukosea hata robo saa. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa siku za bamvua inafika karibu mita 4, kimo cha watu wawili, na kwenye pwani tambarare kama yetu hiyo ni nchi nzima inayojitokeza na kumezwa mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza nitapata maji makavu saa nne. Ya nne yatakuwa yamesogea hadi saa sita na nusu. Kwa hiyo vivuko vigumu lazima viwe mapema katika safari, au niwe tayari kungoja.

Msimu nimeuchagua kwa kusi, kati ya Juni na Septemba. Jua si kali sana na upepo unatoka kusini. Mtu anayekwenda kaskazini anasukumwa mgongoni. Wale wa Mfunguo Pili walitembea Desemba na Januari, kwenye joto la kaskazi, na upepo ukiwapiga usoni.

Nikamwuliza mzee kama aliwahi kusikia kwao habari za watu waliopitishwa kwa minyororo. Akanyamaza, akafuta bamvua yake kwa unyayo. “Kwetu,” akasema, “mtu hakuulizwa bibi yake alitoka wapi.” Kisha akanishauri nisivae raba. Nivae yeboyebo, kwa sababu kwenye matope ya mikoko raba inabaki chini na mguu unatoka mtupu.

*

Siku ya kwanza naanzia Mbwamaji, upande wa Kigamboni, karibu na Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo maana yake ni jaribu uone. Mbwamaji ni mji mkubwa kuliko Dar es Salaam kwa umri, una makaburi ya zamani, na ndiko misafara ya kusini ilikotokea kabla ya kuufikia mlango wa bandari. Hadi Feri ni kama kilomita 15, lakini si zote za ufukweni: Kigamboni kuna kambi ya jeshi la wanamaji, na hapo nitapanda juu kwenye barabara bila kubishana na mtu. Kisha pantoni, shilingi 200.

Dar es Salaam waliyoiona wale ilikuwa mji uliokatishwa. Sayyid Majid alianza kuujenga miaka ya 1860, akafariki 1870, na ndugu yake Barghash hakuutaka. Mwaka 1873 palikuwa na majumba ya mawe yanayoanza kubomoka, minazi, na kijiji cha Mzizima pembeni. Watu 132 kwa siku wakipita mahali penye watu wachache namna ile si kitu cha kufichika.

Siku ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi: Magogoni hadi Kunduchi, kama kilomita 25. Hapa tatizo si mito. Mto Msimbazi una madaraja, na tangu 2022 kuna lile la Tanzanite linalopita juu ya maji. Tatizo ni kuta. Nilikwenda mapema kupima vipande vitatu vya njia kwa miguu, siku za Jumapili. Kuna mahali ukuta wa nyumba umeshuka hadi maji ya bamvua yanaupiga. Maji yakikupwa unapita chini yake kama mwizi, yakijaa huna pa kupita. Kwenye hoteli moja, ambayo sitaitaja, mlinzi alinifuata mchangani akaniambia huku hakupitwi. Nikamwambia mimi niko kwenye mchanga uliolowa, saa sita zilizopita papa hapa palikuwa na samaki. Akasema anajua, lakini bosi wake hajui. Tukaelewana kwa soda. Zamani misafara ya bara ililipa hongo kwa watemi ili ipite nchi zao, ikiwa ni ushuru halali wenye mapatano marefu; sijui ni lini hasa neno lilishuka cheo, lakini pale mchangani lilinijia kwa maana zake zote mbili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nimekichapisha kifungu hicho, kiko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua ya mtaa. Najua kinamzuia mjenzi, hakimpi mpitaji haki kwa jina. Lakini mita 60 ni nyingi. Kuna mahali nilipima kwa hatua nikapata tisa.

Mpangilio huu nao una umri. Tangu wakati wa Mjerumani mji uligawanywa kwa aina ya nyumba, na kwa aina ya nyumba watu wakagawanyika: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza wakaendeleza, na upande wa bahari kwenda Oyster Bay ukawa wa Wazungu kwa sababu ya upepo. Waafrika walioingia mjini wakajenga ndani, Kariakoo, Magomeni, kisha mbali zaidi. Manzese ilijijenga yenyewe bila ramani. Miaka ya 1970 ikaingizwa kwenye mradi wa Benki ya Dunia wa kuboresha makazi, wakati huohuo vikipimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Sisi tukapata taa na mifereji. Upepo ulibaki kule kule. Nikiitazama ramani yangu ya vipande, naona kwamba kilomita 8 kati ya chumba changu na bahari si umbali wa kijiografia tu. Ni kanuni za ujenzi zilizorundikana kwa zaidi ya miaka mia.

*

Kunduchi nitalala gesti. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo wenyewe waliyapamba kwa mabakuli ya Kichina, na soko la samaki ambalo alfajiri linakuondolea usingizi wote. Kuna pia somo la mchanga. Kwa miaka mingi mchanga wa vijito vya upande huu, Tegeta, Mbezi na vingine, ulichimbwa kujengea jiji, na kwa kuwa mito ndiyo inayoilisha fukwe, bahari ikaanza kula nchi. Hoteli ya Africana iliyokuwa ufukweni Kunduchi iliharibiwa na mmomonyoko huo. Jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala, Barabara ya Bagamoyo. Hoteli nyingine zikajenga matuta ya mawe kuelekea baharini kujikinga. Kwa mtembeaji matuta hayo ni ngazi za kupanda na kushuka, na mawe yana ukoka wa kijani unaoteleza.

Siku ya tatu ni Ununio, Mbweni, na mlango wa mto Mpiji, mpaka wa Mkoa wa Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani. Hiki ndicho kivuko ninachokiogopa. Kuna mikoko, na palipo na mikoko mguu unazama hadi gotini. Matope yanakauka mguuni kama soksi na yakipasuka yanang'oa vinyweleo. Nilijaribu kwenye hori dogo upande wa Mbweni, mita kama 30 tu, nikiwa nimekunja suruali, nimekula vizuri, na simu mkononi. Ilinichukua dakika ishirini. Nilipotoka nikakaa kwenye mzizi nikaitazama miguu yangu, na sikuweza kuepuka ukurasa ule wa Elton. Rufiji si hori. Ni mto wenye milango mingi na msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa pwani hii, na wale walipita pembeni mwake wamefungwa wenzao shingoni, maana yake mmoja akizama wote wanasimama.

Kwa Mpiji nimeamua kutojifanya shujaa. Nitafika kabla ya saa sita na kumwomba mvuvi anivushe kwa mtumbwi, na kama hakuna, nitarudi juu hadi barabara ya lami nivuke darajani. Daftarini nimeandika: daraja si aibu.

Siku ya nne, Mapinga hadi Bagamoyo kupitia Zinga, Mbegani na Kaole, sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba ni ndefu, kama kilomita 27, na nitapumzika Kaole. Msikiti wa pale asili yake ni karne ya 13, na mji wenyewe ulikosa bandari baada ya mchanga na mikoko kuifunga, biashara ikahamia Bagamoyo, kilomita 5 kaskazini. Bagamoyo kila mtu atakueleza maana ya jina, bwaga moyo, na watabishana kama ni mpagazi aliyefurahi kufika au mtumwa aliyekata tamaa. Mjadala huo umenichosha. Wote wawili wanaosimuliwa humo wanatoka bara, wanafika baharini, na hadithi inaishia hapo.

Waliotoka Kilwa kwao Bagamoyo haikuwa mwisho wa chochote. Ilikuwa kituo cha katikati. Walivuka mto Ruvu unaoingia baharini hapo juu kidogo ya mji, wakaenda hadi Wami, wakapita Saadani hadi Pangani. Msafara wa kwanza ulipita baada ya mkataba wa Juni 1873. Haikuwa hadi Aprili 1876 ndipo Barghash, kwa kusukumwa tena na Kirk, alipotoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Karibu miaka mitatu. Kilwa ilikasirika, magendo yakaendelea kwa siri, lakini msafara wa mchana, wa kuhesabika, ulikoma.

Mimi nilitaka niendelee hadi Pangani. Nimeifuta kwenye daftari mara mbili na kuiandika tena. Kutoka mto Wami kwenda juu, pwani ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani tangu mwaka 2005. Kuna simba, kuna tembo wanaoshuka hadi mchangani, na hifadhini mtu haruhusiwi kwenda kwa miguu bila askari mwenye bunduki na malipo ya kiingilio. Nimeuliza bei. Nikiuza simu inatosha siku moja, na kipande kile kwa mwendo wangu ni siku tatu.